Waya wa Mita Kumi

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Kofia yake pia niliijua, ya sufi, rangi ya udongo, nikiiona inapita nyuma ya migomba pale kwao Ibighi, na viatu vyake vya mpira nilivikuta mlangoni kila Jumamosi. Lakini uso, hapana. Miaka sita ya ndoa, watoto wawili ambao kila mtu anasema mdogo kafanana na babu yake, na mimi siwezi kubisha wala kukubali kwa sababu huo uso unaosemwa sijauona. Picha za harusi zipo, ndiyo. Kwenye zote mimi nimeinamishwa kichwa na shangazi za mume wangu, na yeye mzee amejificha nyuma ya mjomba mmoja mrefu kama nguzo ya simu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Akija kwa njia hii, wewe unaingia kwenye migomba. Akiwa sebuleni, wewe uko jikoni. Si ugomvi, ni heshima. Pale mjini Tukuyu wengi wameshaacha, wanakula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana, ila mzee wangu ni mtu wa kushika. Mimi ni mtu wa Korogwe, nililetwa huku na barua ya kupangiwa kituo, nifundishe fizikia. Shangazi waliponieleza mambo hayo nikajibu kwa kiburi, kama ni hilo tu mbona dogo, nitaweza. Mdomo wangu huu.

Mzee alikuwa fundi. Zamani alitengeneza redio, na redio zilipokosa wateja akageukia mashine za uzio. Mashine ya uzio ni kisanduku kinachochukua umeme wa betri ya pikipiki, kinaukuza, halafu kinaupiga kwenye waya unaozunguka malisho. Tak. Kila sekunde pigo moja. Ng'ombe akigusa anashtuka roho, hafi wala haumii, ila siku ya pili anauheshimu ule waya kuliko anavyomheshimu mwenye shamba. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja pembeni ya nyumba, na wanawe, mume wangu akiwemo, walikuwa wanakitolea macho wakipangishe. Mume wangu ni muuguzi, mtu mpole sana, lakini kwenye habari ya kile chumba alikuwa anaongea kama dalali.

Basi kikundi cha wafugaji wa maziwa kikarudisha mashine. Mwenyekiti wao alikuja nayo kwenye toroli, akaiweka uani, akasema mbele ya watu kwamba ng'ombe wanaegemea ule uzio wanajikuna, na mtamba mmoja ameshavuka akala kabichi za mwenzake. Mzee akasema mashine nzima, ni majani. Majani yamepanda hadi kwenye waya, yamelowa, umeme wote unashukia ardhini. Kateni majani. Mwenyekiti akacheka, akasema fundi akizeeka na mashine zake zinazeeka.

Hilo neno lilimchoma. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia, nikiwa jikoni namenya ndizi. Mzee alisimama palepale uani akasema, "Mkwe wangu ni mwalimu wa fizikia. Yeye apime. Akisema imekufa, nafunga chumba, watoto wapangishe."

"Kasema hivyo?" nikauliza.

"Kasema mbele ya watu," akajibu mama mkwe. "Na mchungaji alikuwepo."

Jamani. Mtu ambaye hajawahi kuniona uso amenikabidhi ufundi wake wote. Nilijisikia mkubwa kama mlima Rungwe, nikasahau kabisa kuogopa.

Sasa kupima kwenyewe ni kazi. Ile mashine inatakiwa itoe zaidi ya volti elfu tano. Mita ya kawaida ukiipeleka pale unaizika, na hata isipokufa, pigo ni fupi mno, linapita mita haijaamka. Mimi nilikuwa na osiloskopu yangu ndogo, ya kushika mkononi, ambayo inachora umeme kwenye skrini ukaona sura yake unavyopanda na kushuka. Mama mkwe aliiita kitivii. Lakini nayo ukiipa volti elfu tano moja kwa moja, unaaga. Lazima utengeneze probu, yaani fimbo ya kupimia inayopunguza umeme njiani. Hesabu yake haina uchawi. Unapanga rizista, vile vidude vya kukaba umeme, kubwa ishirini kwenye mstari mmoja, kila moja inabeba sehemu yake ya mzigo, na chini kabisa unaweka ndogo moja. Ukipima kwenye ile ndogo unapata volti moja badala ya elfu. Elfu saba zinakuwa saba tu, na kitivii kinakula bila kuungua mdomo.

Mimi nina hesabu, mkono wa kulehemu sina. Nikilehemu panaonekana kama ndege kapita. Mzee ana mkono, na rizista alikuwa nazo debe zima. Kwa hiyo ilibidi tufanye kazi pamoja, na hatuonani.

Tulitumia kigoda. Kilikaa mlangoni pa jikoni, mimi naweka mchoro juu yake, naingia ndani, mama mkwe anaita. Mzee anakuja, anachukua, anakohoa mara mbili, maana yake nimepata, ondokeni njiani. Maneno yalibebwa na mama mkwe, na mama mkwe, Mungu amweke, hapendi maneno mengi. Ninamwambia, "Mwambie baba rizista zisigusane, aache nafasi ya kidole, na ncha za waya azipake risasi ya kulehemu ziwe mviringo, maana umeme mkubwa unapenda kurukia kwenye ncha." Anatoka. Namsikia uani: "Mkwe wako anasema uwe makini."

"Kwani mimi siko makini?"

Anarudi kwangu. "Anasema yuko makini."

"Mama, si ndivyo nilivyosema!"

"Ndiyo hivyohivyo, umerefusha tu."

Mwisho nikawa naandika. Mzee naye akawa anajibu kwa penseli, mwandiko wa shule ya misheni, kila herufi imekaa kitako. Alinisahihisha mara moja, nikanuna siku nzima, kisha nikaona yuko sahihi. Jumamosi ya tatu nikakuta juu ya kigoda ule mstari wa rizista ishirini, umenyooka, kila kiungo kinang'aa kama tone la maji, hakuna hata kimoja kilichozidi kingine. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Kule karakana nikasikia kikohozi, ila hicho kilikuwa cha aibu.

Mstari tuliutia ndani ya bomba la plastiki, lile la maji. Kwetu Korogwe ningeishia hapo. Tukuyu ukungu unaingia hadi kwenye kopo la chumvi, unyevu ukikaa juu ya rizista umeme unapata njia ya mkato na hesabu yote inaharibika, kwa hiyo nikayeyusha mishumaa nikajaza bomba zima nta. Niliyeyushia kwenye sufuria ya uji. Mama mkwe alipoiona ile sufuria aliongea Kinyakyusa kwa dakika nzima, na mimi siku zote nasema sikijui vizuri, siku ile nilishukuru.

Ikabaki kujua nani akae wapi. Mzee atashika probu karakana, mimi nitasoma kitivii jikoni. Kutoka dirisha la karakana hadi dirisha la jikoni tulipima kwa kamba, mita kumi. Mzee akatoa waya wa antena, ule mnene wa televisheni, akakata mita kumi, akaulehemu kwenye probu. Mimi mwalimu wa fizikia, mwenye cheti ukutani, nikauangalia ule waya unavyopita juu ya banda la kuku nikaona ni sawa kabisa. Nikaona hata ni akili.

Siku ya kupima mvua ilikuwa imeacha kidogo. Kikohozi mara mbili. Nikajibu kwa kugonga sufuria. Tak, ikasikika kutoka kule, na kwenye skrini yangu kikachomoza kilima. Kilima kabisa, cha mviringo, kinapanda polepole na kushuka polepole. Nikasoma. Elfu mbili na mia nane.

Nikaomba tena. Elfu mbili na mia nane. Nikazima, nikawasha, nikakagua hesabu kwenye kiganja. Tak. Ileile.

Mama mkwe amesimama mlangoni. "Nimwambie nini?"

Sikutaka kusema. Lakini darasani nawachapa maneno watoto wanaopika majibu, nami nijipikie? "Mwambie elfu mbili na mia nane."

Kwa mara ya kwanza hakufupisha. Alimwambia neno kwa neno. Nikangoja kikohozi, sikukisikia. Nilichosikia ni dirisha la karakana likifungwa.

Jumamosi iliyofuata karakana ilikuwa na kufuli. Juu ya kigoda palikuwa na ile mashine na betri yake, probu na waya wake, na pembeni kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. Nikafungua. Pasi yake ya kulehemu, ile ya mpini wa mbao aliouchonga mwenyewe, umeingia shimo pale kinapokaa kidole gumba.

"Anasema uchukue, ikufae shuleni," akasema mama mkwe. "Mashine uivunje upate vipuri. Anasema macho yamechoka." Halafu akaongeza, la kwake hilo, "Hajala vizuri tangu juzi."

Niliiweka pasi kwenye mkoba. Mume wangu usiseme, yeye njiani kurudi kwetu Msasani, hii ya Tukuyu, ananiambia afadhali mzee apumzike, na kile chumba kikipigwa rangi kitapata mpangaji haraka. Nilimwambia akinyamaza nitafurahi. Akanyamaza hadi nyumbani, maana ananijua.

Jumapili baada ya ibada nikatandaza vitu mezani, nia yangu kuona ni kipuri gani kimekufa ndani ya mashine. Betri, mashine, probu, kitivii, na ule waya wote wa mita kumi umejikunja sakafuni. Mume wangu akatokea na chai, mguu ukanasa, chai ikaenda ukutani na sakafuni.

"Hivi huu waya wote wa nini?" akafoka. Mtu mpole yule, akafoka.

"Wa baba yako."

"Kwani baba yupo hapa?"

Nikacheka. Nilicheka sana, nikamwonyesha kidole, halafu kicheko kikakatika katikati kama umeme wa Tukuyu mvua ikianza. Baba hayupo hapa. Waya ni mrefu kwa sababu ya baba. Mashine haijui habari za mkwe na baba mkwe, lakini waya unajua.

Nieleze kidogo, kwa sababu hili nalifundisha kidato cha sita kila mwaka na nikalisahau kwenye jiko la mama mkwe. Waya wa antena una nyaya mbili zinazokwenda pamoja, na kila mita yake inameza umeme kidogo kwanza, ijaze tumbo, ndipo ipitishe. Rizista zetu zile kubwa zinapitisha umeme tone kwa tone. Ni kama kujaza pipa kwa kijiko. Pigo la mashine linakuja na kuondoka pipa halijafika hata nusu, na kitivii kinasoma hicho kidogo kilichoingia. Kile kilima cha mviringo kilikuwa kinanipigia kelele usoni, na mimi nikakisoma kama namba ya bahati nasibu.

Nikachukua kisu cha nyanya nikakata waya, nikabakiza nusu mita. Mume wangu ameshika kikombe kitupu. Tak.

Mstari ulisimama wima. Elfu saba na mia moja.

Nilikaa chini sakafuni kwenye chai. Nililia, sioni aibu kusema. Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo, majani yalikuwa majani, na mzee aliyeniamini mbele ya mchungaji nilimzika mwenyewe, kwa namba yenye makosa, niliyoisoma kwa sauti ya mwalimu.

Jumamosi nikawahi Ibighi na vile vitu vyote. Nikamweleza mama mkwe taratibu, nikamwomba safari hii asifupishe. Akaenda. Akarudi amebana midomo.

"Anasema ahsante kwa kumhurumia."

"Simhurumii! Ni waya, mama! Aje aone, ashike probu mwenyewe."

"Haya, waya upo wapi?"

Nikauinua. Nusu mita. Tukaangaliana. Na nikiurefusha tu, uongo unarudi palepale.

Mama mkwe akavua kanga ya kiunoni, akaikunguta, akaifunga upya kwa nguvu kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi. "Mimi nimechoka kubeba maneno yenu," akasema. "Miezi miwili nabeba maneno. Mtakaa mgongo kwa mgongo na hakuna atakayekufa."

Akabeba mashine na probu, akaenda kumwambia. Sauti zilipanda, zikashuka, kisha nikasikia kufuli.

Niliingia karakana kinyumenyume, kanga kichwani hadi puani, kitivii kifuani, mkoba begani. Mama mkwe ananielekeza kama anaegesha lori: "Rudi. Rudi. Kushoto kidogo. We, debe hilo! Rudi. Simama." Debe la rizista likaanguka, nikakanyaga kadhaa. Nikakaa kwenye benchi. Nyuma yangu, umbali wa kiganja, nikasikia mtu anapumua. Miaka sita, sikuwahi kuwa karibu naye vile. Alinukia risasi na sabuni ya mche.

"Ameshika," akasema mama mkwe. "Na waya wa ardhini ameshauweka."

Tak.

"Mwambie elfu saba na mia moja," nikasema.

"Amekusikia, si kiziwi."

Tak. Tak. Kisha sauti ya mzee, karibu kabisa na sikio langu: "Mwulize kama hasomi kwa huruma."

Hapo uvumilivu ukaniishia. "Baba, mimi kwenye namba sina huruma na mtu. Waulize wanafunzi wangu." Mama mkwe akaguna. Nilikuwa nimeshaongea naye moja kwa moja na maneno hayarudi, nikaona niendelee. "Siku ile nilikosea mimi. Si wewe, si mashine. Mimi. Angalia mwenyewe."

Nikashusha kitivii ubavuni, chini, katikati yetu, nikagandisha picha. Nikasikia benchi linalia akigeuza shingo. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umesimama wima," akasema.

"Umesimama, baba."

"Na majani niliwaambia."

"Uliwaambia."

"Wakacheka." Na mimi machozi yakawa yameshaingia kwenye kanga.

Sasa kile kitivii kina tabia ya kujizima chenyewe ukikiacha, kitunze betri. Kikajizima. "Kimekufa," akasema mzee, ameshtuka, na mimi bila kufikiri, mwalimu ni mwalimu, nikageuza kichwa kuangalia kitufe.

Skrini ilikuwa nyeusi, na ndani yake tulikuwepo wawili. Mimi na kanga yangu imeteleza. Na yeye: miwani imefungwa waya wa shaba pembeni, mashavu yameloa, na lile paji la uso, na yale masikio, jamani, ni mwanangu mdogo kabisa, amezeeka tu. Nilimwona, akaniona, na hakuna aliyewahi kuangalia pembeni.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema.

"Ndiyo mimi, baba."

"Mnafanya nini huko?" akauliza mama mkwe, ambaye ghafla alikuwa dirishani anahesabu kuku.

"Tunaangalia kitivii," akajibu mzee.

"Kimezimika."

"Ndiyo tunakiangalia."

Akakohoa, mara mbili. Kisha akaniuliza kama ile pasi yake bado ninayo. Ilikuwa kwenye mkoba tangu asubuhi, ndani ya gazeti lake lilelile. Nikaitoa, na mkono wangu kwa mazoea ukaenda kutafuta kigoda pa kuiweka, lakini kigoda kilikuwa kimebaki mlangoni pa jikoni. Mkono wake ukapita pembeni ya kiwiko changu, kiganja wazi, kimejaa alama za kuungua, nikaiweka pasi humo.